Kutoka kuuguza hadi uuguzi: kisa cha mwanafunzi mmoja

Kwa Kiswahili, mtu mwenye mgonjwa nyumbani husema "ninauguza". Hahitaji cheti kulitamka. Neno hilo na neno "muuguzi" yana shina moja, yote yametokana na kuugua. Katika miaka yangu ya ukufunzi wa uuguzi nimesaili waombaji wengi walioanza kuuguza kabla hawajajua kwamba kuna chuo kinachofundisha kazi hiyo, na karibu wote wamenipa sababu ileile: nilipata shida, nikaona mgonjwa anavyoteseka, nikaamua kusaidia watu. Siwabezi hata kidogo. Lakini sababu hiyo hainitoshi, kwa maana watu wengi mno hupitia shida hizohizo na kuishia kuichukia harufu ya hospitali maisha yao yote.

Kisa ninachokieleza hapa ni cha mwanafunzi wangu mmoja. Ameisoma rasimu hii, amerekebisha mahali nilipokosea, na ameridhia isomwe na wengine. Jina lake nimeliacha, pamoja na chochote kinachoweza kumtambulisha. Nimemchagua kwa sababu alinibadilisha mawazo kuhusu namna shida inavyomfikisha mtu kwenye uuguzi, na kwa sababu njiani kuna mahali nilipokosea mimi, na kosa lenyewe nadhani wakufunzi wengi tunalifanya.

Kitandani kwa baba

Alikuwa na miaka 17, akikaribia mtihani wa kumaliza sekondari, baba yake alipoanguka bafuni asubuhi moja. Kilikuwa kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo, kwa hiyo upande wa kulia wa mwili ukapooza. Na kwa kuwa lugha, kwa watu wengi, hutegemea upande huohuo wa kushoto, maneno nayo yakakatika. Baba alilazwa majuma mawili kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani. Mama sasa ndiye aliyebaki kutafuta riziki. Alitoka alfajiri, akarudi usiku. Kaka mkubwa alishika mambo ya fedha na safari za kufuata dawa. Kitandani alibaki binti.

Hakuna aliyemfundisha kitu. Aliambiwa ampe dawa kwa wakati na asimwache aanguke. Akafanya kama ambavyo mtoto yeyote mwenye mapenzi angefanya: akamlaza baba chali, akanyoosha shuka, akamwacha apumzike. Kupumzika aliamini ndiko kupona. Alipomnywesha maji kwa kijiko akiwa amelala, baba alipaliwa, na binti akadhani kosa ni wingi wa maji, akapunguza. Hakujua kwamba kiharusi huvuruga hata kumeza, na kwamba mgonjwa wa namna hiyo akinyweshwa akiwa amelala, kinachopita njia ya hewa kinaweza kumletea nimonia.

Wiki ya tatu aliona ngozi ya chini kabisa ya mgongo, pale juu ya mfupa wa mkia, imekuwa nyeusi kuliko kawaida na ngumu kidogo. Akaisugua kwa mafuta. Kadiri ilivyozidi kubadilika, ndivyo alivyozidi kuisugua. Akapata mto wa duara wenye tundu katikati, akamkalisha baba juu yake ili mahali pale pasiguswe. Yote mawili yanadhuru. Kusugua huumiza nyama ambayo tayari imekosa damu, na ule mto hubana ngozi inayozunguka tundu, damu ikazidi kushindwa kupita. Siku chache baadaye ngozi ikafunguka.

Kinachotokea kwenye kidonda cha kulalia ni rahisi kukieleza. Mfupa uko juu, godoro liko chini, ngozi imebanwa katikati. Mishipa midogo ya damu inafungwa, na ngozi isiyopata damu kwa muda mrefu hufa. Mtu mzima wa afya hujigeuza usingizini mara nyingi bila kujua; aliyepooza hana uwezo huo. Nimezungumza na binti huyu saa nyingi, na nina hakika kwamba mzizi wa kila kilichofuata ulikuwa pale. Kiharusi kilikuja chenyewe, hakikumwuliza mtu. Kidonda alikiona kikifunguka chini ya mikono yake.

Kituo cha afya walichokuwa wakienda kubadilishiwa bandeji kilimtuma muuguzi awatembelee nyumbani. Binti anamkumbuka kwa vitu vidogo. Hakuanza na kidonda. Alimsalimia baba kwa jina lake, akamtazama usoni, akangoja kana kwamba jibu litakuja, ingawa halikuja. Akanawa mikono. Halafu akauchukua mkono wa binti, akaugeuza, akauweka mgongo wa mkono ule kwenye nyonga ya baba. "Sikia hapa," akamwambia. Akausogeza juu kidogo. "Sasa sikia hapa." Pale pa kwanza palikuwa na joto, pa pili hapakuwa nalo. Kwenye ngozi nyeusi ule wekundu wa mwanzo unaotajwa vitabuni hauonekani vizuri. Mkono ndio unaowahi kugundua, kwa joto, kwa ugumu, wakati mwingine kwa ulaini usio wa kawaida. Nyonga nayo ilikuwa imeanza, na jicho halikuwa limeona.

Kisha akaomba mito yote iliyokuwemo nyumbani. Mmoja akauingiza nyuma ya mgongo ili baba aegemee upande kwa nyuzi kama 30 hivi, asilalie mfupa wa nyonga moja kwa moja. Mwingine kati ya magoti. Wa tatu chini ya mashavu ya miguu, visigino vikabaki vinaelea, na akamwonyesha binti namna ya kupitisha karatasi chini ya kisigino kuhakikisha hakigusi. Kabla ya kumgeuza alisema, "Tunahesabu wote, polepole, hadi tatu, ndipo tunamgeuza." Wakashika shuka. Moja. Mbili.

"Tatu," baba akasema.

Hakuwa ametamka neno kwa majuma matano. Binti anasema nusura aiachie shuka. Muuguzi hakushtuka. Alimalizia kumgeuza, akaweka mto, akamtazama baba akamwambia, "Ahsante, umetusaidia kuhesabu." Baadaye, wakiwa mlangoni, alimweleza binti kwamba maneno tuliyoyakariri kwa mpangilio, kama kuhesabu, siku za juma au wimbo wa utotoni, mara nyingi hubaki hata pale maneno ya kujitungia yanapopotea. Alimwonya asitarajie kwamba baba ataanza kuzungumza kesho yake. Akamwachia karatasi aliyoichora mistari kwa mkono: saa, upande, ngozi ikoje. Akampa na kalamu. "Kuanzia leo wewe ndiye unayeijua ngozi ya baba yako kuliko mimi. Nikirudi, nitakuuliza wewe."

Kidonda kilichukua karibu miezi mitano kufunga. Mtihani wa kemia alianguka, akaurudia mwaka uliofuata. Baba yu hai, anatembea kwa mkongojo ndani ya nyumba na anayo maneno machache ambayo familia inayaelewa.

Alichokisema kwenye usaili

Tulikuwa wasaili watatu. Swali la kwanza ni lilelile la siku zote: kwa nini uuguzi? Alinyamaza kwa muda uliotufanya tutazamane. Kisha akasema: "Nilitaka kujua yule nesi alijuaje."

Mwenzangu akamwuliza alijuaje nini. Akatusimulia habari ya kuhesabu. Nikamwuliza kama anaamini kweli muuguzi yule alijua kwamba baba atasema tatu. Akafikiri. "Hapana, hakujua. Lakini alijua kwamba inawezekana, ndiyo maana alihesabu polepole."

Nimesikia majibu mazuri kwenye usaili, lakini jibu hilo nililiandika. Ndani yake kuna jambo ambalo barua nyingi za maombi hazina. Barua nyingi hueleza maumivu ya mwandishi kwa kirefu, kisha zinaruka hadi kwenye nia ya kuwa muuguzi, na katikati hamna kitu. Msomaji anaachwa akisie jinsi machozi yalivyogeuka kuwa kazi. Binti huyu alikuwa na kile cha katikati. Alikuwa amemwona mtu mwenye maarifa akiyatumia kwa mikono, mbele yake, ndani ya shida yenyewe, na mtu huyo akamgawia sehemu ya kazi.

Mfikirie kaka yake. Nyumba moja, baba mmoja, kiharusi kilekile, kidonda kilekile. Hadi leo kaka huyo hawezi kukaa kwenye benchi la hospitali zaidi ya dakika chache bila kutoka nje. Muuguzi alikuja mchana, saa ambazo kaka hakuwepo. Alikutana na shida peke yake, bila mtu wa kumwonyesha kwamba kuna la kufanya. Najua kisa kimoja hakithibitishi kanuni, na ndugu wawili wanaweza kutofautiana kwa sababu mia nyingine. Hata hivyo tangu hapo nimekuwa nikiwauliza wanafunzi wote waliokuja kwetu kutoka kwenye shida swali hili: ulikutana na nani humo ndani? Wengi wana mtu wa kumtaja, na wanamkumbuka kwa kitendo, mara chache kwa maneno ya faraja.

Wanasaikolojia Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, waliolipa jina jambo hili la watu kukua baada ya kiwewe katika miaka ya 1990, wamesisitiza tangu mwanzo kwamba kukua huko hakuletwi na tukio lenyewe. Kunatokana na mtu kupambana na kilichompata, kukielewa upya, kujipanga upya. Nakubaliana nao, na ninaongeza kutokana na nilichokiona: mtu mwenye miaka 17 hapambani vizuri akiwa mikono mitupu. Karatasi yenye mistari mitatu ilikuwa silaha ya kutosha.

Mmoja wa wasaili wenzangu hakutaka tumchukue. Alisema, na nayaandika maneno yake kwa heshima, "Ninaogopa anakuja kumtibu baba yake kupitia wagonjwa wetu." Tukampa nafasi, lakini mwenzangu yule alikuwa ameona mbali kuliko mimi.

Sentensi ya mwaka 1859

Kila mwaka, katika somo la misingi ya uuguzi, huwa nawaeleza wanafunzi alichoandika Florence Nightingale mwaka 1859, mwaka mmoja kabla ya kufungua shule yake ya wauguzi katika Hospitali ya St Thomas, London: kwamba mgonjwa akipata kidonda cha kulalia, kwa kawaida kosa si la ugonjwa, ni la uuguzi. Nimekuwa nikilisema kwa fahari, kama ushahidi kwamba kazi yetu ina uzito wake na haisimami kwenye kivuli cha daktari.

Mwaka ule binti aliinuka katikati ya somo akatoka. Nilimkuta bombani, mwisho wa ukumbi, ananawa mikono na kuirudia. "Kwa hiyo ni mimi," akasema, bila kunitazama.

Nilimjibu haraka kwamba hapana, alikuwa mtoto, asijilaumu. Ni jibu ambalo kila mtu angempa, na halikumsaidia, kwa sababu alikuwa ameshaambiwa hivyo na mama yake, na jirani, na hata muuguzi yule. Mtu mwenye hatia ya namna hii hapungukiwi na watu wa kumwambia asijilaumu. Anachokosa ni mtu wa kukaa naye waipitie hesabu yenyewe.

Tulikaa wiki iliyofuata. Wodini, jambo linapoharibika, tunafanya uchambuzi wa tukio: kilitokea nini, saa ngapi, nani alikuwepo, nani alijua nini, pengo lilikuwa wapi. Hatutafuti mtu wa kumtwika lawama. Nikampa karatasi ile tunayoitumia, nikamwomba aandike majuma yale matatu ya kwanza ya baba yake kana kwamba ni ya mgonjwa asiyemjua. Alirudi nayo baada ya siku tatu. Kwenye safu ya "nani alipaswa kulijua hili" palikuwa na daktari aliyemruhusu baba, muuguzi wa wodi aliyekabidhi dawa bila kukabidhi maelekezo, na utaratibu wa kuruhusu wagonjwa ambao haukuwa na mahali pa kuandika habari za kugeuza wala za kumeza. Jina lake halikuwemo. Alikuwa amelitafuta, akaniambia, akakosa mstari wa kuliandika.

Pia tulisoma pamoja yanayojulikana leo: kwamba vidonda vingi vya kulalia huzuilika, lakini vipo vinavyotokea hata mgonjwa akiangaliwa vizuri, hasa kwa mahututi ambaye damu haifiki sawasawa kwenye ngozi. Cha baba yake kingezuilika. Hakutaka nimfiche hilo, na sikumficha. Kilichobadilika ni kwamba aliona kingezuiliwa na nani.

Hapo ndipo na mimi nikakosea. Nilimwona amepata nafuu, nikafurahi, nikamwomba awasimulie wanafunzi wapya kisa chake siku ya kuwakaribisha. Watu walilia. Nikamwomba tena kwenye hafla nyingine, na mara ya tatu mbele ya wageni wa chuo. Kila alipokisimulia alikisimulia vizuri zaidi, na kila mara kilizidi kuwa vazi analovalishwa. Chuo kizima kikamjua kwa jina moja tu: yule binti wa kiharusi. Nilidhani ninamtia moyo. Nilikuwa ninamfunga kwenye kitanda kile ambacho tulikuwa tumetoka kumfungua.

Mzee wa dirishani

Mwaka wa pili aliingia mazoezi ya wodi ya magonjwa ya ndani. Chini ya muuguzi msimamizi alikabidhiwa wagonjwa wanne, na mmoja wao, kitanda cha dirishani, alikuwa mzee mwenye kiharusi aliyepooza upande wa kulia na asiyesema.

Wiki ya kwanza nililetewa sifa. Hajawahi kuonekana mwanafunzi mwenye bidii kama huyu. Anabaki baada ya zamu, amekuja hata siku yake ya mapumziko. Wiki ya pili msimamizi aliniita pembeni. Binti alikuwa akimgeuza mzee peke yake, jambo ambalo ni hatari kwa mgonjwa na kwa mgongo wa muuguzi. Na siku iliyotangulia, mgonjwa mwingine kati ya wale wanne, mwenye kisukari, alicheleweshewa kipimo cha sukari kwa karibu saa nzima, na insulini yake ikachelewa vilevile, kwa sababu binti alikuwa dirishani anapanga mito. Mgonjwa hakudhurika. Msimamizi aliliandika kwenye kitabu cha matukio, na alifanya vyema kuliandika.

Nilikwenda wodini nikasimama mbali nitazame. Niliyemwona kwanza alikuwa mtoto wa yule mzee, mtu mzima wa miaka kama arobaini, amesimama miguuni pa kitanda, mikono ameikunja kifuani. Binti alikuwa anamgeuza mzee. Mtoto akasogea kusaidia, binti akamwambia kwa upole kabisa, "Usijali kaka, nitafanya mwenyewe." Akarudi akakunja mikono. Msimamizi aliniambia amesimama hivyo siku tatu.

Jioni tuliketi kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Sikumtajia kitabu cha matukio, alikuwa anakijua. Nilimwuliza, "Yule nesi aliyekuja kwenu, alikuwa anakaa muda gani?"

"Nusu saa. Labda dakika arobaini."

"Kila siku?"

"Mara mbili kwa wiki."

"Saa zilizobaki zote baba alikuwa na nani?"

Hakujibu. Alifungua mkoba akatoa ile karatasi, iliyokunjwa mpaka mikunjo ikaanza kuchanika, akaitazama. Mwandiko wote uliokuwa juu yake, isipokuwa mistari na vichwa vya safu, ulikuwa wa kwake.

Nadhani wengi waliokuja kwenye uuguzi kutokana na shida wanapita hapa. Kidonda kinakumbukwa kuliko mkono uliokitibu. Mwanafunzi anaapa moyoni kwamba mgonjwa wa aina ile hatapatwa tena na jambo lile, na kiapo hicho, ingawa ni kizuri, kinamfanya amwone kila ndugu wa mgonjwa kama yeye mwenyewe wa zamani: mtu asiyejua, atakayeharibu. Anamweka pembeni kwa upendo. Anasahau kwamba yeye mwenyewe aliokolewa na mtu ambaye hakumweka pembeni.

Kesho yake nilimwona akimfundisha yule mtoto wa mzee. Haikwenda kama kwao. Walihesabu polepole, moja, mbili, wakangoja, na mzee akaendelea kutazama dari. Kiharusi cha mtu mmoja si cha mwingine, na maneno yake yalikuwa yamekwenda mbali zaidi. Mtoto alivuta shuka upande, mto ukaangukia sakafuni, mkono uliopooza ukabaki chini ya mwili ikabidi waanze tena. Binti alikuwa amefunga mikono yake mwenyewe nyuma ya mgongo, ameshika kiganja kimoja kwa kingine, na niliona vidole vimekaza. Siku ya tatu mtoto yule alikuwa anamwelekeza dada yake namna ya kukiacha kisigino kikielea.

Mzee alihamishiwa kituo cha mazoezi ya viungo siku ambayo binti hakuwa zamu. Hakumuaga. Nilimwuliza kama limemuuma, akasema kidogo.

Baada ya kisa hiki nimebadilisha mambo mawili. Mwanafunzi anayetueleza kwenye usaili kwamba shida fulani ndiyo iliyomleta, tunamkutanisha na mshauri wa chuo kabla hajakanyaga wodi, na tunamwuliza ni mgonjwa gani anahofia kumkuta. Hatumzuii kumhudumia, tunataka tu ajue yeye, na sisi tujue. Jambo la pili, hatumwombi tena mwanafunzi asimulie maumivu yake kwenye hafla. Akitaka, atasema mwenyewe, na akishasema mara moja hatumrudii.

Na kwa anayejiandaa kuandika barua ya maombi ambaye kisa chake kinafanana na hiki, nina neno moja la vitendo. Maumivu yako andika kwa mistari miwili. Nafasi iliyobaki ieleze mikono: nani alifanya nini, ulishika nini, uligundua nini ambacho jana yake hukukijua, na ni kitu gani hadi leo hukielewi na unataka kukielewa. Wasaili wanatafuta hicho cha mwisho kuliko unavyodhani.

Wodi aliyoichagua

Mwaka wa tatu mwanafunzi anachagua wodi moja ya kukaa muda mrefu zaidi. Sote tulijua atakwenda kwa wagonjwa wa kiharusi. Alichagua watoto njiti.

Kuna walimu waliosikitika, mmoja akaniambia ni kama ameitupa karama yake. Mimi nilifurahi kuliko siku yoyote tangu nimjue. Baba yake ndiye aliyemfungulia mlango wa kazi hii. Hakuna sababu baba huyohuyo amchagulie na chumba. Nilipomwuliza kwa nini njiti, alisema tu kwamba hajawahi kuwaona na anataka kujua wanavyopumua.

Juma lake la pili humo alikabidhiwa, pamoja na muuguzi wa zamu, mtoto wa chini ya kilo moja na nusu aliyekuwa kwenye mashine ya kusukuma hewa puani. Kwa watoto hawa ngozi ni nyembamba mno, na kinachoibana mara nyingi ni vifaa vyenyewe vinavyowaokoa. Vile vijimrija viwili vinavyoingia puani hukandamiza kijisehemu kidogo kilicho kati ya matundu ya pua, padogo kuliko punje ya mchele. Binti aliomba vilegezwe kidogo aangalie chini yake. Rangi ilikuwa imebadilika. Akamwita muuguzi, wakalegeza mikanda ya kofia inayovishikilia, wakabadilisha vijimrija kwa kibarakoa kidogo kinachokaa mahali tofauti, ili pale papumzike.

Nilipopita kukagua, chati ilikuwa mezani. Saa. Mahali. Ngozi ikoje. Muuguzi wa zamu aliniuliza nani amemfundisha mwanafunzi huyu kuangalia chini ya kifaa kabla hata hajaelekezwa, maana si mimi wala yeye. Nikamjibu kwamba ni muuguzi mmoja ambaye sijawahi kuonana naye.